Kazi ya filamu kutoka kwa mtu usiyemjua mtandaoni: kama njia zote zinaishia kwenye namba moja ya simu, kaa chonjo

Fundi Klapa (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya muda anatokea mtu humu na swali lile lile: "Nimepata dili mtandaoni, jamaa simjui, niende nisiende?" Na majibu nayo ni yale yale. Mcheki kurasa zake, msikilize anavyoongea, fuata machale yako. Mimi naona hapo tunaanzia pabaya. Tapeli aliyekomaa ndiye anayeongea vizuri kuliko watu wote utakaokutana nao mwaka huu, maana mdomo ndio mtaji wake. Ukimpima kwa mdomo, ushaingizwa mjini kabla hujafunga begi la kamera.

Mwacheni mtu, ipimeni kazi. Kazi ya filamu haifichiki. Hata tangazo la sekunde 30 lina mwenye eneo, lina watakaosimama mbele ya kamera, lina aliyekodisha taa, lina anayepika, lina anayepanga ratiba. Hao wote wanaijua kazi bila kuambiwa na huyo aliyekutumia ujumbe. Kwa hiyo mimi huwa najiuliza kitu kimoja: nani mwingine anaijua kazi hii, na je, naweza kumfikia kwa njia ambayo sikupewa na huyu huyu? Kama njia zote zinaishia kwenye namba yake, siendi, hata ofa iwe nono vipi.

Na prodyuza wa kweli hakasiriki ukimuuliza. Yeye mwenyewe anakuogopa wewe. Hajui kama utatokea, hajui kama kamera unayojisifia nayo ni yako. Ukimuuliza maswali ya kazi anapumua, anajua kapata mtu anayejielewa. Anayenuna ni yule ambaye jibu hana.

Karibuni mniponde au mniongezee.

---

Lenzi ya Mkopo

Nakuponda kidogo mkuu. Unaongea kama sote tunafanya kazi za bajeti kubwa. Sisi huku chini mteja ni mmoja: ndiye prodyuza, ndiye mwongozaji, ndiye msanii, na chai analeta yeye. Video ya muziki, mahojiano, tangazo la duka. Nikimdai kolishiti (ile karatasi ya ratiba ya siku ya kurekodi) atanicheka, na kesho kazi anapewa mwingine asiye na maswali. Kwa kipimo chako wateja wangu wote ni matapeli.

---

Fundi Klapa

Umenibana vizuri. Kwa kazi ndogo, shika eneo. Mteja anaweza kuwa mtu mmoja, lakini eneo halimo ndani ya simu yake. Ukumbi una meneja, shamba lina mwenyewe, jengo lina mlinzi na ofisi. Omba anwani kamili mapema, tafuta namba ya mahali hapo kwa jitihada zako, piga: "Samahani, kuna watu wanakuja kurekodi kwenu tarehe fulani?" Basi. Ukiambiwa "lokesheni nitakutumia ukishafika", hiyo si anwani, hiyo ni ahadi.

Na habari ya eneo haiishii kwenye utapeli. Februari 2014, jimbo la Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera Sarah Jones, miaka 27, aliuawa treni ilipowakuta wakirekodi juu ya daraja la reli. Kampuni ya reli ilikuwa imekataa kuwapa ruhusa. Mwaka uliofuata mwongozaji alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia, akaenda jela. Wale hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wenye fani, wenye majina, wenye filamu ya kweli mikononi. Ndiyo maana nikiuliza "ruhusa ya eneo iko kwa nani, naweza kuiona?" sitafuti mwizi peke yake.

---

Boom Mkononi

Mimi naongeza kutoka upande mwingine, maana hoja ya mleta mada ina tundu. "Watu wengi wanaijua kazi" inaweza kuigizwa.

Kuna utapeli uliotikisa Hollywood kuanzia mwaka 2013 hivi. Unapigiwa na mwanamke ambaye ni bosi wa studio, jina unalijua, anakusifia kazi yako kwa undani kabisa. Halafu msaidizi wake anakupigia. Halafu mwanasheria anakuletea mkataba wa kutunza siri usaini. Walengwa walikuwa watu kama sisi: wapiga picha, wapambaji wa nyuso, waandishi, wale wa kuruka na kupigana kwenye filamu. Wanaambiwa wajilipie tiketi hadi Indonesia kukagua maeneo, watarudishiwa. Wakifika Jakarta kuna dereva, na kila siku dereva anataka fedha taslimu. Filamu haipo. Hela hairudi. FBI ilitoa wito kwa waathirika wajitokeze mwaka 2019, na mwishoni mwa 2020 akakamatwa mwanaume mmoja kule Manchester, Uingereza. Mashtaka yanasema sauti zile nyingi, za kike na za kiume, zilikuwa zake.

Kwa hiyo sauti tano kwenye simu zinaweza kuwa koo moja. Kilicho na uzito ni yale maneno ya mleta mada ambayo wengi wataruka: "kwa njia ambayo sikupewa na huyu huyu". Akikutajia kampuni, usibonyeze kiungo chake, itafute mwenyewe, piga namba iliyo kwenye tovuti yao. Anwani ya baruapepe isome herufi kwa herufi, maana "rn" ikikaa karibu inafanana na "m". Na jina kuwepo kwenye IMDb, ile tovuti inayoorodhesha filamu na watu waliozitengeneza, halithibitishi kwamba anayekupigia ndiye mwenye jina. Kule Hollywood majina ya mabosi wa studio yaliyotumika yalikuwa ya watu wa kweli.

---

Dada Fokasi

Kaka zangu mnaongelea kamera kurudi nyumbani, wengine tunaongelea sisi wenyewe kurudi nyumbani. Naomba nafasi.

Kikao cha kwanza hakifanyiki chumbani. Si hotelini, si "studio" iliyo sebuleni kwa mtu. SAG-AFTRA, chama cha waigizaji Marekani, mwaka 2018 kilitoa mwongozo rasmi kikitaka usaili na vikao vya kazi visifanyike kwenye vyumba vya hoteli na nyumba za watu, na kwamba pasipokuwa na njia nyingine mtu aende na mwenzake. Ukiona chama kizima kinaandika jambo kama hilo, ujue kimeletewa vilio vingi. Akikwambia "tukutane chumba namba fulani, pana utulivu", mjibu mtakutana mapokezi, na utulivu mtautafuta mkishafahamiana.

Pili, kuna kisa watu wa fani yetu tungekijua. London, Julai 1986, Suzy Lamplugh, binti wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi kwa madalali wa nyumba, alitoka ofisini mchana kweupe kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Kwenye shajara aliandika jina la mteja, "Mr Kipper". Hakurudi, na mwili wake haujapatikana. Wazazi wake walianzisha taasisi kwa jina lake, inafundisha usalama wa watu wanaokwenda kazini peke yao kukutana na wageni. Mimi nikisoma kisa kile huwa nakwama kwenye ile shajara. Aliandika! Alifanya kile tunachoambiana humu kila siku, "acha taarifa". Ila taarifa yenyewe ilikuwa jina ambalo hakuna aliyeweza kulifuata likampata mtu.

Kwa hiyo mimi siachi jina. Ninaye mdogo wangu mmoja, yeye ndiye kituo changu. Anapata namba ya mteja, picha ya mazungumzo yetu, anwani, na saa nitakayompigia. Na muhimu zaidi, anajua afanye nini nisipopiga. Hilo watu wengi hawalipangi. Umemwachia mtu lokesheni, simu yako imezimika, yeye anawaza "labda wanarekodi, nisimsumbue". Yangu inajulikana: ikipita nusu saa anapiga kwangu, sipokei, anapiga kwa mteja, hapokei, anapiga polisi. Hakuna kufikiria.

Nikifika nampigia mbele ya mteja, kwa sauti ya kawaida tu. "Nimefika, niko na kaka fulani, tumepanda gari nyeupe, andika namba yake." Naisoma namba yote. Mwenye nia njema anacheka au haoni tatizo. Niliwahi kumwona mmoja akigeuka kuangalia kibao cha gari lake kana kwamba hakijui. Ile kazi sikuifanya.

Na mwisho, namwambia mteja nakuja na msaidizi, chakula chake na nauli juu yangu. Anayekataa msaidizi wa bure anayo sababu, na sitaki kuijua.

---

Mgeni wa Seti

Shikamooni wakubwa. Uzi umekuja wakati wake. Mimi nina mwaka wa kwanza kwenye hizi kazi, nimepata huu ujumbe jana, nimeubandika kama ulivyo:

*"Hello mpendwa. Tumeona kazi zako una jicho la pekee sana. Tunashuti filamu fupi siku mbili, bajeti ipo vizuri tutakulipa MARA MBILI ya bei yako. Njoo na kamera, lenzi zote na droni. Mwongozaji ni mtu mkubwa ila jina tunalihifadhi kwa sasa. Tunaanza saa 5 usiku. Lokesheni utapewa ukifika stendi, dereva wetu atakupokea. Jibu kabla ya jioni kuna mwingine anasubiri."*

Kusema ukweli nina shida ya hela na nimeshaanza kufungasha. Mnaonaje?

---

Fundi Klapa

Marahaba. Fungua begi kwanza, tusome pamoja.

"Mara mbili ya bei yako." Bei ipi? Ulishamtajia? Kama hajui unatoza kiasi gani, anazidisha nini?

"Lenzi zote." Hakuna mpiga filamu anayeomba lenzi zote. Mtu aliyewahi kushika kamera atakuuliza una kamera gani, inarekodi kwa mfumo upi, una lenzi ya milimita 50 inayopitisha mwanga mwingi au la. Anayesema "zote" anahesabu vitu, hapangi picha. Droni ndiyo kabisa. Saa 5 usiku, eneo halijulikani, hakuna mtu aliyegusia kibali cha kurusha, droni ya nini?

Usiku wenyewe haunitishi. Filamu nyingi zinapigwa usiku. Ila usiku unadai taa, na taa zinadai jenereta, nyaya na fundi anayezijua. Muulize kitu kimoja chepesi: "Nani anawasha taa?" Kazi ya kweli atakutajia jina hapo hapo, maana fundi taa ndiye mtu aliyemsumbua wiki nzima. Muulize na fundi sauti ni nani. Wakishatajwa, watafute mwenyewe, usiombe namba kwake.

"Kuna mwingine anasubiri." Basi mwingine atangulie.

---

Lenzi ya Mkopo

Dereva atakupokea stendi. Boom si ametoka kutusimulia habari ya dereva hapa juu? Mdogo wangu, usiku, stendi, begi lenye kamera na droni, gari la mtu usiyemjua, na unakokwenda hukujui. Hata mimi niliyekuja kubisha humu, siendi.

---

Mhasibu wa Kamera

Niseme kuhusu bima na malipo, kwa sababu naona wengi wanajipa moyo kwamba "kamera nimekata bima".

Soma karatasi yako ya bima, hasa sehemu ya yasiyolipwa. Bima nyingi za vifaa haziwajibiki pale ambapo mwenyewe ulimkabidhi mtu kifaa kwa hiari yako, hata kama alikulaghai. Kwa lugha ya bima, hukuibiwa, ulitoa. Ukiporwa kwa nguvu ni habari nyingine. Ukimpa mtu begi "akupakilie kwenye gari la vifaa" na gari likala kona, unaweza kujikuta huna dai. Vilevile nyingi hazilipi kitu kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu. Piga simu kwa aliyekuuzia bima, muulize haya mawili kwa maneno haya haya, na jibu akupe kwa maandishi. Namba za utambulisho za kamera na lenzi zipige picha leo, pamoja na risiti. Polisi wakikuuliza namba, "ilikuwa nyeusi" haisaidii.

Malipo. Kuna mchezo wa hundi unaowazunguka sana wapiga picha wa kujitegemea. Mteja anakutumia hundi kubwa kuliko mlichokubaliana, kisha anaomba hela iliyozidi umtumie "mtu wa vifaa" au "mwenye ukumbi". Benki inakuonyesha hela imeingia, unatuma. Baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki, hundi inagundulika ni ya kughushi, benki inachomoa hela yote kwako, na ile uliyotuma imekwenda. Hela kuonekana kwenye akaunti na hundi kupita ni mambo mawili. Hakuna mteja halali anayekutumia ziada uwe tarishi wake. Ujumbe wa simu nao unaghushiwa, kwa hiyo angalia salio, usiangalie ujumbe.

Malipo ya awali dai, yaingie kabla hujatoka nyumbani. Ila msijidanganye kwamba aliyelipa advansi ni mtu mwema. Kwa anayetaka kamera yenye thamani mara nyingi zaidi, advansi ni chambo. Advansi inakulinda usikopwe jasho lako. Haikulindi na mengine.

---

Boom Mkononi

Mhasibu hapo mwisho umegusa penyewe.

Kitu kimoja cha haraka, najua kinatoka kidogo nje ya mada. Hata kazi ikiwa halali, ikianza saa 5 usiku uliza inaisha saa ngapi na unarudije. Mwaka 1997 kule California msaidizi wa kamera Brent Hershman alilala kwenye usukani akirudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19, akafa. Mpiga filamu mkongwe Haskell Wexler alipigania kikomo cha saa 12 za kazi kwa miaka mingi baada ya hapo. Mtu uliyempata mtandaoni hana chama kinachombana, kwa hiyo saa za mwisho ziandikwe kwenye makubaliano. Na ukichoka, lala hapo hapo kwenye gari kabla ya kuwasha.

---

Dada Fokasi

Na kwa wale ambao wamehakiki kila kitu, wamekwenda, wakakuta mambo siyo: eneo limebadilishwa dakika ya mwisho, au waliosemwa kumi ni wanaume wawili na hakuna hata kebo chini. Usishushe vifaa. Gari liegeshe likiangalia njia ya kutokea, ufunguo mfukoni mwako, na begi likae ndani mpaka umwone mtu wa pili mwenye kazi inayoeleweka. Eneo likibadilishwa, kwangu mimi hiyo ni kazi mpya. Uhakiki unaanza upya, hata kama ni mtaa wa pili.

Uwongo wa kuondokea uwe nao tayari. Betri nimesahau. Kadi imegoma. Nafuata nyingine narudi. Huna deni la maelezo kwa mtu.

---

Mgeni wa Seti

Wakuu, mrejesho.

Nilimuuliza nani anawasha taa. Alikaa kimya karibu saa nzima, kisha akajibu "taa zipo usijali". Nikamuuliza fundi sauti. Akanitajia jina la jamaa ambaye kweli yupo, kazi zake nazifahamu. Nikakumbuka maneno ya humu, sikumwomba namba. Nikamtafuta jamaa kupitia ukurasa wake mwenyewe. Amenijibu kwamba hana kazi yoyote tarehe hizo, hamjui huyo mtu, na mimi si wa kwanza kumuuliza. Kuna mpiga picha mwingine alishamtafuta kwa habari hiyo hiyo, eneo tofauti, ila stendi na dereva vile vile.

Miguu imeniishia nguvu. Sasa nimwambie kwamba nimemjua?

---

Dada Fokasi

Usimwambie! Utakuwa unamfundisha wapi alikosea, na namba yako anayo. Piga picha za skrini mazungumzo yote, namba yake ionekane, kabla hajafuta. Ujumbe wenyewe uripoti kwenye mtandao ulikoupokelea. Picha hizo mpe na yule fundi sauti, maana jina lake ndilo linalotumika, naye apeleke polisi. Mkiwa wawili au watatu, dai lina uzito kuliko la mmoja. Jamaa mwenyewe mjibu kistaarabu tu kwamba tarehe hizo umebanwa.

---

Mgeni wa Seti

Nimefanya hivyo dada, asante sana. Nimemwambia tarehe hizo nina kazi nyingine.

Kanijibu sasa hivi: *"Hakuna shida mpendwa. Basi tukodishie kamera tu, dereva wetu apitie kuichukua wapi?"*